Barua Nane Ndani ya Sanduku la Marehemu

Ha Lesala,
Quthing,
Lesotho.
12 Agosti 2023

Mpendwa mjukuu wangu Motlatsi,

Miaka miwili na miezi minne. Nimehesabu kwa mavuno, nimehesabu kwa mazishi, na kila nikihesabu naona ni ukorofi tu. Hata yule mbuzi wetu aliyepotelea mlimani alirudi mwenyewe baada ya wiki tatu, na hakuwa na simu. Ulipoondoka hapa Neo wa mjomba wako alikuwa anabebwa mgongoni. Sasa ananijibu mimi, bibi yake, na maneno hayamwishii.

Haya, nikusalimie kama mtu mwenye adabu. U hali gani? Mpolokeng mkeo hajambo? Na yule mtoto ninayemjua kwa picha, kifua chake kimepona? Mimi ni mzima isipokuwa magoti, na hayo unayajua. Baridi ya mwaka huu ilitupiga sana, ila mipichi imeanza kutoa maua, kwa hiyo nadhani tutavuka.

Anayeandika ni 'Mathakane, yule nesi mstaafu wa nyumba ya juu. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwonya asinilainishie maneno, maana akimaliza atanisomea yote, na likipungua moja nitajua. Simu yako haipatikani tangu Pasaka. Ndiyo sababu barua hii inakuja mkononi mwa Phakoe, anayerudi huko mgodini kwenu Jumatatu. Akikusimamia mpaka uimalize usimkasirikie, nimemtuma hivyo.

Motlatsi, mashine ya kusaga ya mjomba wako imefungwa. Wameweka mnyororo mlangoni na karatasi juu ya mnyororo. Leo ni siku ya thelathini na tatu sijasikia mlio wake. Zamani nilikuwa nautukana ule mlio kwa sababu ulinikatiza usingizi wa mchana. Sasa mchana nalala macho wazi.

Nitakueleza ilivyokuwa, na nitaanza na kosa langu, kwa sababu hilo nalijua vizuri kuliko ya wengine.

Mjomba wako Tšeliso alipofariki tulifanya kama tunavyofanya siku zote. Nguo zake, fimbo yake, blanketi lake, na ule mkoba wa ngozi aliokuwa akienda nao mjini kwa mambo ya biashara, vyote nilivitia katika sanduku la bati, nikafunga kufuli, ufunguo nikauvaa shingoni. Vitu vya marehemu havishikwi mpaka mjomba wake aje avigawe, na mjomba wake ni kaka yangu Sekhobe. Unamjua Sekhobe. Kwanza alisema anangoja kondoo wa kuchinja siku ya kugawa anenepe. Kisha mguu ukamuuma. Kisha ikawa mvua. Tukakaa miezi kumi na mitano tukimngoja mtu anayeishi nyuma ya kilima.

Ndani ya miezi hiyo zikawa zinakuja barua. Mimi sisomi, lakini jina la mwanangu nalijua kwa umbo, lina ile herufi iliyovaa kofia. Kila nikiona kofia nasema hii ni ya Tšeliso. Nafungua kufuli, naitia chini ya blanketi lake bila kuichana, nafunga.

Siku moja 'Maneo aliniuliza, "Mama, hiyo haiwezi kuwa ya mashine?"

Nikamjibu, "Ina jina la mume wako. Unataka kupekua vitu vya marehemu na nguo nyeusi ungali nayo mwilini?"

Akanyamaza. Mjane aliye matangani haendi kuzurura maofisini, na mkubwa wa nyumba nilikuwa mimi. Ukimya wake ule ni wangu.

Barua nane, Motlatsi. Nilikuwa nazitunza kama salamu zake. Nilidhani nikimwekea humo zinamfikia.

Huku nyuma 'Maneo anasaga, anapima sawasawa, hamwibii mtu hata konzi. Sote tulidhani mtu akizikwa, karatasi zake zimezikwa naye. Kumbe ile kampuni aliyoandikishia mashine haikuwa Tšeliso. Tšeliso alikufa, kampuni ikabaki hai, inaitwa kila mara na hakuna wa kuitika.

Mwezi wa saba wakaja kwa gari watu wawili wa ofisi ya biashara ya mjini, mwanamume na binti mmoja mwenye miwani. Nilikuwa nimekaa juani mbele ya mashine napepeta maharage.

"Amani, bibi," yule mwanamume akasema. "Mwenye mashine yuko wapi?"

"Yuko pale," nikamwonyesha makaburi.

Akakunja uso, akidhani namtania. Binti ndiye aliyeelewa. Akachuchumaa mbele yangu na sketi yake nzuri ile. "Pole sana, bibi. Alifariki lini?"

"Mwaka jana, mwezi wa nne."

"Na mlituarifu?"

"Tulimwarifu chifu, padri na ukoo mzima. Mazishi yalikuwa Jumamosi, na mlango ulikuwa wazi. Nyinyi mlikuwa wapi?"

Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Akasema leseni imekwisha muda wake, taarifa ya kodi ya mwaka haikupelekwa, mizani haijapelekwa kukaguliwa, na tumeandikiwa mara nyingi.

"Tumeandikiwa barua zipi?" 'Maneo akauliza.

Mimi nikashika ufunguo shingoni.

Nilifungua sanduku mbele yao, Sekhobe hayupo. Ndiyo, nilifungua. Binti akaziweka mapajani, akazisoma moja moja kwa sauti. Ya kwanza ilikuwa na adabu kuliko wewe. Ya tatu ilikuwa inauliza tu kama kuna mabadiliko yoyote katika biashara. Ya tano ilitupa nafasi ya kwenda kujieleza. Ya nane haikusalimia mtu.

"Bibi," akaniambia, "hii ya tatu mngeijibu, nisingekuja hapa leo na mnyororo."

Nililia, mjukuu wangu. Kaburini sikulia vile, maana kaburini sikuwa na kosa.

Sekhobe aliposikia, alifika kesho yake asubuhi, mguu umepona. "Dada, umefungua sanduku kabla yangu?"

"Nimefungua baada yako. Wewe ulitakiwa mwaka jana."

Akaomba chai. Siku hiyo hiyo tukagawa vitu, tukamvua 'Maneo nguo nyeusi, bila nyimbo. Kondoo alikuwa amekonda kama alivyokuwa mwanzo.

Sasa nisikilize vizuri. Katika karatasi za kampuni kuna majina mawili. Moja limekufa. La pili ni lako. Ile siku mjomba wako alipokuwekea makaratasi mezani pangu, ukasaini huku unakula uji mchachu, ukasema leo umekuwa bosi, haukuwa mchezo ule. Hakuna mtu mwingine anayeweza kutia sahihi ya kumwondoa marehemu na kumwingiza 'Maneo mahali pake. Mimi nilimpa binti dole gumba langu. Akaniambia ni dole gumba zuri, lakini si lako.

Mwisho ni tarehe ishirini na tisa Septemba. Ikipita, kampuni inafutwa, na leseni haiombwi kwa kitu ambacho hakipo. Mashine, kwa kuwa ni ya kampuni, itauzwa na mtu wa mbali asiyetujua. Faini ipo, tumekubaliwa tulipe kidogo kidogo. Hiyo mwachie 'Maneo, usije ukajificha kwa ajili yake.

'Maneo ameshaandikisha jina katika kiwanda cha nguo Maseru. Mnyororo usipotoka, mwezi wa kumi anaondoka, na Neo na mdogo wake Kananelo wanabaki na mimi na magoti yangu. Kananelo bado ananyonya. Wanawake sasa wanabeba mahindi mpaka ng'ambo ya mto. Wakipita hapa wananisalimia kwa upole, hakuna anayenilaumu, na upole wao unanichoma. Afadhali wangenitukana.

Najua kwa nini huji. Mliachana vibaya na mjomba wako, kisha mazishi yake hukuja. Ulituma pesa ya ng'ombe. Ng'ombe tulimla, asante, lakini ng'ombe hakubeba jeneza. Ukaona aibu, na aibu ukiiacha ikae inaota mizizi, basi na simu ukazima. Mimi sitakuuliza lolote. Mtu aliyezifungia barua nane sandukuni hana mdomo wa kumuuliza mwenzake kwa nini hakuitika.

Ila kuna jambo moja lazima ulijue. Tšeliso alikulea tangu mama yako Ntsoaki alipotutoka. Mlipogombana angeweza kulifuta jina lako katika karatasi zile, ni safari moja tu ya mjini. Binti mwenye miwani alinionyesha taarifa zake za kampuni za miaka ya nyuma, akanisomea. Kila mwaka alikwenda na ule mkoba, akaandika upya: Tšeliso na Motlatsi. Hata mwaka ule ambao hapa nyumbani hakutaka jina lako litajwe wakati wa kula.

'Maneo anakusalimu, hana kinyongo. Neo anauliza kama migodini kuna nyoka. Sekhobe anakusalimu pia, na mguu umeanza kumuuma tena. 'Mathakane anasema mkono umechoka, lakini hajaniacha. Mpe Mpolokeng salamu zangu, na mtoto umbusu kichwani kwa ajili yangu. Mungu aliyekutoa mikononi mwa mama yako ukiwa mchanga akakuweka mikononi mwangu, akutangulie kila ushukapo chini ya ardhi, na kila jioni akupandishe juu ukiwa mzima.

Ukija, usianze kwangu. Shuka mjini Quthing na kitambulisho chako, uingie ofisini kabla hawajafunga, utie sahihi kila mahali binti atakapokuonyesha. Kisha pita makaburini, umwambie mjomba wako kwa mdomo wako mwenyewe kwamba umesaini. Mimi ameshachoka kunisikia.

Ni mimi nikupendaye hata ninapokugombeza,
Bibi yako,
'Mantsoaki