Kamba za Vipimo za Bibi

Mwaka mzima umepita, Bibi, tangu tukuzike, na mchicha wako bado unatulisha.

Wamenipa mimi niandike kwa kuwa ndiye niliyekaa nawe zaidi. Shule niliikimbia mapema, kwa hiyo usitegemee maneno makubwa.

Asante kwa nguo. Nyumba nzima uliivalisha wewe, kuanzia mapazia mpaka vitambaa vya kushikia sufuria. Ulikuwa unashona pini zimejaa mdomoni huku unatugombeza, na hakuna pini uliyowahi kumeza. Asante kwa bustani. Mjomba alipotaka kutupa beseni bovu, ulimwambia, "Limepasuka, halijafa. Lete udongo."

Futi ya kupimia hukuiamini. Kila mtu ulimkatia kamba yake: fundo la kwanza mabega, la pili kifua, la tatu kiuno. Ukazitundika kwenye msumari mmoja pamoja na kamba za bustani.

Sasa hili lazima niliseme, maana Mama kasema nisipoliandika ataliandika yeye. Wiki mbili baada ya msiba, maharage yako yalikuwa yanatambaa chini. Kwa pupa yangu nikabeba kamba zote msumarini, nikayafungia kwenye ua. Mvua ikanyesha, zikaoza. Mama akatoka, akaona mafundo.

"We Kiguu na Njia! Hivyo si vipimo vya mama yangu? Umetufunga wote uani kama mbuzi!"

Nikazifungua, zikakatikia mkononi. Bibi, sijawahi kuona aibu vile. Siku tatu Mama hakunisemesha. Nakuta sahani imefunikwa, basi.

Dada, na tumbo lake kubwa, ndiye aliyechoka. Akamwaga nguo zetu kitandani. "Acheni kununiana. Bibi alikata hizi kwa kamba zile zile. Pimeni!"

Nikaleta kamba mpya. Mama akashika ncha moja, mimi nyingine, tukafuata mishono yako nguo moja baada ya nyingine, tukipiga mafundo upya.

"Kaza," Mama akasema. Ndilo neno la kwanza aliloniambia.

Vipimo vyote vilikuwemo, Bibi. Hata ule upana wa vidole viwili uliokuwa unamwongezea Mjomba kiunoni bila kumwambia. Sasa anajua. Amekasirika kidogo.

Dada alijifungua salama, mtoto wa kike. Huyu hukumpima, kwa hiyo tumempima wenyewe. Hatulii hata kidogo. Wanasema kanirithi mimi. Fundo la mabega limekaa vibaya, utanisamehe, lakini gauni nimelishona na linamtosha.

Wanaokukumbuka ni binti yako. Mwanao, ambaye siku hizi anajishonea vifungo. Mjukuu wako wa kike na huyo kitukuu wako. Na mimi, Kiguu na Njia wako.

Hatutakusahau, Bibi. Tutakusahauje, na tumekuvaa?