Barisa Asome Bila Kuruka

Nairobi

Kwa Mama yangu, Minjila,

Assalamu alaikum, Mama. Kabla sijasema langu nataka kujua lako. Goti limetulia? Bado unabeba dumu la maziwa mwenyewe hadi Garsen, au siku hizi Hawo amekupokea? Yule mtamba mwekundu aliyekuwa anaharisha alipona? Na mvua, imewafikia, au mawingu yanapita tu juu yenu kama wageni wasiotaka chai? Mimi ni mzima kiasi cha kuweza kukaa na kuandika, na hilo peke yake ni habari, kama utakavyosikia.

Ningepiga simu, lakini simu ya nyumba yetu ni ya Barisa, na mwenye simu ndiye anayechagua kipi kisikike. Barua ni tofauti. Barua ataisoma yeye mbele yako na majirani, maana kaka yangu ana sauti nzuri na anapenda watu wanyamaze akiwa anasema. Namwomba tu Hawo akae karibu naye, macho kwenye karatasi. Barisa akiruka mstari, wewe dada yangu kohoa.

Barisa, salamu nyingi kwako. Usikunje uso, bado tuko kwenye salamu.

Mama, unakumbuka kile kiangazi kibaya, ng'ombe walipokuwa wakilala jioni na asubuhi wanashindwa kusimama? Wanaume walipita zizi kwa zizi kuwainua. Mmoja kwenye pembe, mmoja mkiani, wawili ubavuni, haya, pamoja, juu! Ng'ombe akishasimama na kuchukua hatua chache, alikwenda malishoni kama kawaida. Na mimi ndani ya nyumba nilikuwa nimelala juu ya ngozi yangu, macho wazi, mgongo umekuwa ubao, nimeshindwa kusimama vilevile. Barisa akaja mlangoni, akanitazama, akawaita wenzake.

"Jamani, njooni. Huku ndani kuna mwingine. Nani atashika mkia?"

Walicheka wote. Wewe pia ulicheka kidogo, Mama, ukageuza uso. Sikulaumu. Ilichekesha.

Tatizo langu lilikuwa jioni. Jioni mgongo ulikuwa umelegea, nikawa nakimbiza mitamba na kurukia maji kama vijana wengine. Huo ndio uliokuwa ushahidi wa Barisa. "Asubuhi kuna kazi, yeye mgonjwa. Jioni kuna chakula, yeye mzima. Ugonjwa gani huu unaojua kusoma saa?" Maneno hayo aliyasema nyumbani, kisha akayapeleka malka, pale njia ya mifugo inapoingia mtoni, mahali wanaume wa pande zote hukutana kunywesha. Kitu kikisemwa malka hakirudi tena. Wiki haikupita watu nisiowajua wakawa wananiuliza mkia wangu haujambo.

Halafu mzee Galgalo akarudisha kahawa na sukari ya posa tuliyompelekea kwa ajili ya binti yake. Alirudisha kwa heshima, amevifunga vizuri kwenye kitambaa. Lakini alimwambia mjomba, "Binti yangu simpi mtu wa kuinuliwa mkia." Mjomba akaona ni vyema anifikishie maneno kamili. Binti yuko Hola sasa, ana watoto wake. Nasikia mume wake anaamka mapema.

Hilo nililimeza. Lililobaki kooni ni la chuma. Ni Barisa aliyemwita yule mzee anayetibu watu kwa kuwachoma chuma cha moto, akisema uvivu una mahali pake mwilini na mzee anapajua. Barisa akanikalia miguuni. Kaka yangu ni mzito, na siku ile alijiongeza. "Tulia, tulia, inatoka hiyo!" Ilitoka harufu, Mama, kama ya nyama ya Idi, nami nikachukua muda kuelewa kwamba nyama ni mimi. Walipouliza kama nimepona nilisema nimepona kabisa. Nani asingepona, wakati chuma bado kiko kwenye makaa?

Barisa, kunywa maji, kisha endelea.

Nilipokuja Nairobi nikapata kazi ya ulinzi kwenye jengo la ofisi. Kazi yenyewe ni kukaa kwenye kibanda na kuinua kizuizi gari likija. Nilidhani nimefika peponi: hakuna ng'ombe, hakuna jua, kuna kiti. Mgongo ukaniumiza kuliko nilipokuwa kwetu. Nilikuwa nikiinuka kwenye kile kiti kwa vipande, kwanza kichwa, kisha mabega, kisha nasubiri habari kutoka chini.

Juu ya jengo hilo kuna mama mmoja anayetibu watu kwa sindano za Kichina. Watu humwita Daktari Wanja. Ni Mkikuyu, mfupi, kazi hiyo alikwenda kuisomea huko Uchina. Alikuwa akinipita getini asubuhi na jioni. Siku moja alisimamisha gari, akashusha kioo.

"Wewe, asubuhi nafunguliwa na babu, jioni nafunguliwa na kijana. Mko wawili hapa?"

"Niko peke yangu, Daktari."

"Ukiamka unakaa muda gani kabla mgongo haujalegea?"

Mama, nilisahau kuinua kizuizi. Mtu ambaye hajui kwetu, hajui jina langu, aliulizia asubuhi yangu kama anayeulizia mtu anayemfahamu. Na hakucheka.

Alisema nipande juu zamu ikiisha. Nikapanda. Lakini alikataa kunigusa. "Kwanza hospitali. Mimi sidungi kitu ambacho sijui jina lake." Nikaenda, wakanitoa damu, wakanipiga picha ya mgongo. Daktari kijana akanieleza kwamba ni baridi yabisi, ya aina inayokaa kwenye uti wa mgongo. Mwili wenyewe unajigeukia na kujipiga, panavimba ndani mahali usipopaona. Huwashika watu wakiwa bado vijana. Ukilala au ukikaa inakaza, ukitembea inalegea. Ndiyo maana ya asubuhi na jioni. Ukiiacha miaka mingi, mifupa ya mgongo inaweza kushikana ikawa fimbo moja.

Hebu sikia hapo, Mama. Kutembea ndiyo sehemu ya dawa. Kule kufuata ng'ombe mchana kutwa ndiko kulikokuwa kukinitibu, nami nikatukanwa kwa kupona.

Barisa, mstari huo urudie. Mama hakusikia vizuri.

Hospitali walinipa vidonge, na vinasaidia, ingawa tumbo linalalamika. Nikarudi kwa Daktari Wanja na majibu yangu. Akanilaza kifudifudi kwenye kitanda chembamba, akafunua mgongo.

"Haya makovu ni ya nini?"

"Nilitibiwa kwetu."

"Kwa kosa gani?"

Akaanza kazi. Sindano zake ni nyembamba kama unywele wa mkia wa ndama, wala hazina dawa ndani. Anagonga kidogo kwa kidole, imeingia. Ya kwanza akaiweka kwenye kifundo cha mguu. Nikamwambia, "Daktari, mgongo uko huku juu." Akasema, "Najua mgongo ulipo, lala." Nyingine akaweka nyuma ya goti, nyingine kiunoni pembeni ya makovu. Hainiumi kama nilivyoogopa. Ni uzito fulani, kama mtu amekuwekea kidole na amesahau kukiondoa. Nilikuwa nimejiandaa kupiga kelele. Nililala usingizi, Mama. Niliamshwa na kukoroma kwangu mwenyewe.

Nisikudanganye kwamba nimepona. Yeye mwenyewe alinikataza kusema hivyo. "Mimi napunguza maumivu. Ugonjwa ni wa hospitali. Ukiacha vidonge kwa sababu yangu, usipande tena ngazi zangu." Wiki nyingine sindano zinasaidia sana, nyingine nashuka nilivyopanda. Lakini kuna asubuhi ninaamka, nageuka, nasimama, halafu ndipo nakumbuka kwamba hilo lilikuwa gumu. Amenifundisha pia kujinyoosha nikiwa zamu, na wenye magari wamezoea kuona mlinzi anainama inama kama anatafuta pete.

Siku moja akinitoa sindano aliniuliza, "Kwenu kuna mwingine mwenye mgongo huu? Hii hupenda kutembea kwenye damu."

Nikasema, "Hakuna. Kwetu mvivu nilikuwa peke yangu."

Sasa, Mama, ndipo tunafika kwenye habari. Hawo, sogea karibu zaidi.

Hawo alinipigia kwa simu ya jirani. Alisema, "Kaka, Barisa siku hizi alfajiri haonekani msikitini. Anasema anasali nyumbani. Nimemchungulia. Anasali amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akitaka kutoka mlangoni anashika mwimo kama mtu wa jahazini. Ikifika isha anarukuu na kusujudu kama kijana."

"Mwenyewe anasemaje?"

"Anasema alianguka na pikipiki."

"Alianguka lini?"

"Hakuna aliyemwona akianguka."

Nilicheka, Mama. Nilicheka hadi mlinzi wa jengo la jirani akatoka kibandani kwake kuja kuona. Nilikwenda nikanunua soda baridi nikainywa polepole nimesimama. Usinitake niseme nilihuzunika. Huzuni ilikuja baadaye, ikanikuta bado nina soda mkononi.

Basi, Mama, mwanao mkubwa hakuanguka na pikipiki. Ana mgongo wangu. Ndiye anayekusomea maneno haya, nami nasikitika sioni uso wake, lakini wewe unauona. Utazame kwa niaba yangu.

Hawo aliniambia na la pili. Barisa amemwita yule mzee wa chuma kwa siri. Atakuja baada ya swala ya Ijumaa, wewe na shemeji mkiwa mmekwenda kuuza maziwa. Nilikaa na habari hiyo kwenye kibanda changu. Nilifikiri ninyamaze tu. Kiti changu nikakigeuzia upande wa pwani, kwetu, nikajichorea picha kichwani: makaa, chuma, kaka yangu amelala. Nikatafuta nani atamkalia miguu, nikajiona mimi. Ilikuwa picha tamu sana.

Lakini daktari alisema mgongo huu unaweza kuwa fimbo. Na mimi namtaka Barisa aweze kuinama. Mtu asiyeweza kuinama hawezi kuniomba radhi sawasawa.

Kwa hiyo sikilizeni ninalotaka. Yule mzee mwambieni ahsante, asije. Barisa aende malka. Aende asubuhi, si jioni, asubuhi wakati mgongo umekaza, wanaume wakiwa wananywesha na mzee Galgalo yupo. Aseme kwa ile sauti yake nzuri: "Maro alikuwa mgonjwa, mimi nikamfanya kichekesho. Sasa ninao ugonjwa uleule." Hayo tu. Wakicheka, awaache wacheke hadi wachoke. Mimi niliwaacha.

Akishasema, aje Nairobi. Nitampeleka hospitali nilikokwenda, kisha nitampandisha ngazi kwa Daktari Wanja. Mama, unakumbuka walipokuja watu wa chanjo, akajificha kwenye matete hadi mbu wakamrudisha? Daktari ana sindano nyingi. Nimeshamwambia huyu ni kaka yangu mkubwa, ana mwili mpana, asibane matumizi. Wala sitamkalia miguu. Nitakaa kwenye kiti kando, mikono kifuani, alale mwenyewe, asiwe na wa kumlaumu.

Salamu zangu zimfikie Mama Mdogo wa kule Wema, mwambie mchele wake ulifika na mende mmoja, wote wazima. Msalimie mjomba Wario, aliyenifikishia maneno ya Galgalo bila kupunguza. Hili nalo alifikishe hivyohivyo. Msalimie shemeji yangu Habiba, mke wa Barisa, aliyekuwa akiniletea uji wa moto asubuhi bila kuniuliza kwa nini bado nimelala. Mwambie sasa ampe mumewe. Nawe Hawo, kikohozi chako kipone.

Na wewe Barisa, umefika mwisho. Unadhani nimeandika kurasa zote hizi kwa kuwa nina mengi ya kusema? Nimeandika ili ukae. Umekaa tangu salamu, mbele ya Mama na majirani, na mimi najua mgongo wako unakuambia nini sasa hivi. Inuka, umpe Mama karatasi mkononi. Ukiinuka peke yako bila kushika kitu, mimi ni mwongo, ichane barua mbele yao. Ukishindwa, usiseme pikipiki. Nyoosha mkono, Hawo akuvute, na watu wakishaona, nenda ukalale. Kesho asubuhi malka, keshokutwa basi la Nairobi. Nitakuwa stendi kukupokea.

Ni mimi mwanao, Mama,
Maro