Nilisema Gari Letu Si Mbaya

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na usidhani naomba kwa sababu nimezoea, mimi Gunnvor sijawahi kuomba hata chumvi kwa jirani, lakini safari hii ulimi wangu mwenyewe umenitia kwenye shimo, na kwa kuwa nakusoma gazetini kila Jumanne na ninaona huwa humbembelezi mtu, nisome mpaka mwisho ndipo uniseme.

Nina miaka sabini na tisa, ni mjane wa Arnljot, naishi huku kaskazini, visiwani Vikna, na shule yetu ilikuwa siku moja darasani siku moja kazini, kwa hiyo ukiona maandishi yamepinda mlaumu mwalimu wangu, naye alishakufa. Vuli iliyopita daktari wa macho alininyang'anya leseni. Alisema ni kwa faida yangu, nikamwambia kila mwizi ana maelezo yake. Gari likabaki ghalani, Volvo ya kijani, ile ndefu ya kubebea mizigo, tuliyoinunua mwaka wa tisini na mbili ikiwa mpya inanukia, na Arnljot aliizunguka mara tatu uani, halafu akaingia ndani akanywa kahawa amesimama, mtu ambaye maisha yake yote alikunywa kahawa ameketi.

Vijana wa siku hizi gari kwao ni kama soksi, wanavua hili wanavaa lile. Sisi gari hilo lilitulea. Pasaka tulilipakia mpaka vioo vya nyuma havionekani, skii za kutelezea theluji juu, watoto nyuma, kikapu cha machungwa miguuni kwangu, na mkate wenye jibini la kahawia nimeufunga kwenye karatasi, na Arnljot, ambaye kanisani alikuwa anafumba mdomo kama chaza, humo garini alikuwa anaimba. Humo tu. Tukifika kona ya juu pale bahari inapofunguka anazima injini, tunakunywa kahawa ya chupa, tunaondoka. Miaka ishirini na sita kona hiyo hiyo. Siku za kazi lilibeba makreti ya samaki, na harufu ile haikutoka kamwe, mimi nikiingia humo nikavuta pumzi ninamwona mtu wangu na sweta lake. Amekufa miaka sita sasa. Nililiendesha mwenyewe miaka hiyo yote, na kiti cha dereva sikukisogeza, yeye alikuwa mrefu kama nguzo na mimi ni kipande cha mtu, basi nikaweka mito miwili mgongoni nikaifikia klachi. Watu wakacheka. Wacheke.

Sasa mjukuu wangu Tiril, mtoto wa mwanangu wa kwanza, amezaliwa na kukulia Oslo, mwaka huu amekuja kufanya kazi ya uuguzi kwenye zahanati yetu na anakaa kwangu. Mwezi uliopita akaniambia, "Bibi, gari likikaa ghalani chumvi ya bahari italila. Tuliuze likiwa zima."

"Nani atakuja mpaka huku kununua?"

"Haji mtu. Tunaliweka kwenye mnada wa mtandaoni. Mkaguzi wao anakuja hapa nyumbani, analikagua, anakuuliza maswali, anaandika ripoti na kupiga picha. Halafu wenye maduka ya magari nchi nzima wanashindana kutaja bei, siku moja tu. Bei ya juu ikitupendeza tunakubali, isipotupendeza tunakataa."

"Na gari wanaliona saa ngapi?"

"Hawalioni, Bibi. Wanasoma ripoti."

"Wananunua gari kwa kulisoma! Mimi hata samaki simnunui bila kumtazama jichoni."

Akacheka, akanibusu kipajini, nami nikakubali, maana mtoto akikubusu utafanya nini. Aliliosha siku mbili nzima, mianya ya milango akaisugua kwa mswaki, akanivuta nje nikaone. "Bibi, nimefanyaje?" Nikamwambia, "Si mbaya." Akanyamaza, akaenda kumwaga maji.

Mkaguzi akaja, bwana mmoja anaitwa Preben, mtu mzima, mfupi, anatoka kusini kule karibu na mji mkuu, viatu vyeupe kama anakwenda harusini. Viatu alivua mlangoni, hilo nampa. Akala mkate wangu wa viazi wenye siagi na sukari, vipande vitatu, akaniambia ni mtamu mno hajawahi kuonja mfano wake, watu wa kusini wana maneno mengi. Tukaenda ghalani ili alijaribu gari. Akaingia, mguu haukufika, akashika kile chuma cha chini, akakivuta kiti mbele. Krak. Sijui hata kwa nini naandika hilo, lakini nililisikia.

Tukaendesha mpaka kanisani na kurudi, mimi ubavuni. Akaniuliza, "Mama, injini inafanyaje kazi?" Nikasema, "Si mbaya." "Na gia?" "Si mbaya." "Kwa jumla mlilitunza vipi?" "Si mbaya." Akauliza kama kuna daftari la matengenezo, nikamwambia nitatazama, basi bado natazama, lipo kwenye droo ya jikoni chini ya vijiko, Arnljot aliandika humo kila alipobadili mafuta tangu siku ya kwanza, kwa penseli. Akauliza, "Kuna jambo zuri ungependa niongeze?" Nikasema hapana.

Mshauri, wewe ni mtu wa pwani hii, unajua. Kwetu mtu hasifu cha kwake, anayekisifu ana kasoro ya kuficha, na "si mbaya" ndilo neno la juu kabisa tulilo nalo, baada ya hapo ni Mungu tu. Siku ya harusi niliteremka ngazi na gauni la mama yangu, Arnljot akanitazama juu mpaka chini akasema, "Si mbaya," na mimi nikalia mpaka dada yangu akanipaka poda upya. Watu wa kusini hawana masikio. Nilipokuwa na miaka kumi na saba nilikwenda Oslo kuwa mtumishi wa nyumbani miaka miwili, mama mwenye nyumba akanionyesha koti lake jipya la manyoya, nikamwambia si mbaya, na hakunisemesha wiki nzima. Ndivyo walivyo.

Basi ripoti ikatoka, imeandikwa kwamba kwa maelezo ya mwenye gari injini ni ya wastani, gia za wastani, matunzo ya wastani, daftari hakuna. Siku ya mnada watatu tu ndio waliotaja bei, na zote tatu ni za chuma chakavu. Tiril akakataa. Halafu akaisoma ripoti upya akawaka, akaiandikia kampuni kwamba mkaguzi wao ameandika uongo juu ya gari la bibi yake. Kampuni imemwondoa yule bwana kwenye ukaguzi mpaka waje wenyewe Jumatatu ijayo, yeye na mkubwa wake, waulize upya. Preben akampigia simu Tiril, nilikuwa namenya viazi, sauti ilisikika mpaka kwangu: "Dada, niliandika alichosema bibi yako." Na Tiril akamjibu, "Bibi yangu hasemi uongo."

Nikaendelea kumenya. Nilimenya viazi vya watu kumi, na sisi ni wawili.

Sasa uniambie. Sikusema uongo, nilisema kama tunavyosema hapa. Lakini nikikaa kimya, mtu aliyekula mkate wangu atapoteza kazi, na nikisema, mtoto ataniona mimi ni nani? Au nimwambie tu aliondoe gari mnadani, yaishe, libaki ghalani na mimi?

Ni mimi, Gunnvor, Vikna

*

Gunnvor mwenzangu,

Pole na macho, na pole na Arnljot, miaka sita si mingi. Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyotaka, kwa hiyo sasa kaa chini nikuseme.

Unaniambia hukusema uongo. Mimi ni mtu wa pwani hii, kweli, na wewe ndiye uliyenikumbusha, kwa hiyo usinifanye mgeni. Mtu wa kwetu ambaye hajawahi kutoka kisiwani angeweza kukosea hivyo kwa bahati mbaya. Wewe si huyo. Wewe ulilipia neno hilo wiki nzima ya kununiwa ukiwa na miaka kumi na saba, kwa sababu ya koti la manyoya. Ulijua vizuri sana neno hilo likiingia kwenye sikio la kusini linakuwa nini. Ulimpa Preben sarafu ambayo kwao haina thamani, ukamwacha aende nayo sokoni. Na daftari chini ya vijiko nalo ni desturi ya pwani? Bibi wee!

Wala hukufanya kwa roho mbaya. Ulifanya kwa sababu ya krak. Unasema hujui kwa nini umeandika hilo. Mimi najua. Miaka sita ulikuwa unaendesha na mito miwili mgongoni ili mtu mmoja aendelee kuwa na nafasi ya miguu yake, akaja mgeni wa viatu vyeupe akaifuta nafasi hiyo kwa mkono mmoja, bila kujua. Ningekuwa mimi ningemtupa nje ya gari pale pale ghalani. Hilo lingekuwa kosa dogo kuliko lako, maana angejua amekosa nini.

Lakini kiti kimekwisha sogea, Gunnvor. Hata ukilifungia gari ghalani miaka kumi, hakirudi. Ukikirudisha wewe nyuma, utakuwa umekirudisha wewe, si yeye. Kitakachobaki humo ni kutu na panya, na Arnljot aliyekuwa akiimba humo hakustahili panya.

Kwa hiyo usingoje Jumatatu. Ukimaliza kusoma gazeti hili, piga simu kwenye hiyo kampuni, wewe mwenyewe, usimtume mtoto. Waambie ripoti iliandikwa sawasawa, aliyeficha ni mwenye gari. Itakuchoma koo, kunywa kahawa. Jumatatu wakija, weka daftari mezani kabla hawajaketi. Bwana Preben akikuuliza injini, usimpe neno letu, mpe neno lake: nzuri. Gia? Nzuri. Matunzo? Mume wangu alilitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe, soma hapa. Kama mdomo hauwezi, nenda ukafanye mazoezi ghalani, funga milango, sema kwa sauti, "Gari hili ni zuri." Hakuna atakayekusikia ila yule ambaye angekuelewa. Na mkatie mkate wa viazi, vipande vinne safari hii. Halafu bei ikipanda uliache liende.

Kabla ya kuliacha, mwambie Tiril akuendeshe mpaka kona ile. Chukueni chupa ya kahawa. Kiti akisogeze anavyotaka.

Sasa nimefika kwenye kilichoninyima raha mimi, nacho wewe umekipita kama mtu anayepita jiwe njiani. Mtoto aliosha gari siku mbili, akasugua mianya kwa mswaki, akakuuliza amefanyaje. Ukamwambia si mbaya. Akanyamaza, akaenda kumwaga maji.

Gunnvor, huyo mtoto amezaliwa wapi?

Umeniambia mwenyewe: Oslo. Masikio yake ni yale yale ya mama wa manyoya, yale yale ya Preben. Kwa Preben ulijua neno linavyosikika, kwa damu yako hukujua? Siku alipohitimu uuguzi ulimwambia nini? Alipoacha mji akahamia kisiwani kukaa na kikongwe asiyeona barabara, ulimwambia nini? Usinijibu, najua. Ulimpa neno la juu kabisa ulilo nalo, kila mara, kwa moyo wote, na miaka yote hiyo mtoto amekuwa akipokea "wastani" kutoka kwa bibi yake. Na bado alisimama na simu mkononi akasema bibi yangu hasemi uongo.

Unaogopa akijua atakuona wewe ni nani. Yeye ndiye hajawahi kujua wewe unamwona yeye ni nani. Kwa hiyo ukitoka kwenye simu ya kampuni, mwite jikoni, mkalishe, mweleze yote, krak na daftari na koti la manyoya. Mweleze habari ya ngazi na gauni la mama yako, na kwa nini ulilia mpaka ukapakwa poda upya. Halafu nyamaza, mwache ahesabu mwenyewe ni mara ngapi umemwambia neno hilo tangu azaliwe.

Wako,
Oddny