Turubai Juu ya Kompresa

Kaka Maduhu,

Mwenzako Masanja ameitengeneza kompresa yako. Jumapili, baada ya kanisa, atazama nayo kwenye duara, lile shimo la zamani la wachimba dhahabu lililojaa maji, palepale ulipofia. Amewaalika vijana wote wa Nyarugusu waje kutazama. Nilipomwomba aache, alicheka: "Wewe mtoto wa vitabu, unaogopa hata maji ya ndoo!"

Niligeuka nikaenda zangu nyumbani. Unanijua.

Tangu tukuzike, watu wamesema mengi. Wengine wanasema ulivutwa na kitu kilichomo mle majini, wengine kwamba ulikuwa umelewa. Hukulewa. Ulikuwa umeshiba ugali na mlenda, ukanipiga begani ukasema, "Nkwimba, linda mashine, nakwenda kuwasalimia samaki wasiokuwepo." Ukauma mpira wa hewa utokao kwenye kompresa, ukazama. Wenzako wakapiga makofi.

Kisha manyunyu yakaanza. Siku zote ulinigombeza mashine ikilowa. Nikachukua turubai nikaifunika, nikaweka mawe kwenye pembe. Kaka, niliifunika yote. Ekzosi inayotoa moshi ndani, na tundu la kuvutia hewa ndani. Ikawa inavuta moshi wake yenyewe na kukusukumia wewe kule chini. Na mimi nimesimama pembeni, naona nimefanya kazi nzuri.

Nimeyajua haya mwezi huu, katika kitabu cha kemia. Moshi wa injini una gesi isiyo na rangi wala harufu. Anayeivuta hulegea kama anayesinzia, asiamke tena. Nilisoma ukurasa ule mara nne. Tangu hapo sikai mahali nikatulia. Mwalimu akiniita, nashtuka.

Na Masanja ameijengea mashine kibanda cha mabati kilichozibwa pande zote, ili isilowe!

Nikisema, mama atajua kwamba ni mkono wangu uliokuua. Nikinyamaza, mama yake Masanja naye atakalishwa mkekani, watu wakimshika mabega. Nimejaribu kutafuta njia ya tatu. Haipo.

Basi nakuahidi, kaka. Nitaanza na mama, asije akayasikia kwa majirani. Kisha nitakwenda kwa Masanja na kitabu changu. Akicheka, nitawaambia vijana wote, kwa sauti, kilichokuua na aliyefunika mashine.

Nisamehe. Pumzika. Mama yuko uani anapepeta mchele. Namwendea sasa hivi, kabla sijaikunja karatasi hii.

Mdogo wako,
Nkwimba