Filimbi Haingoji

Jumamosi, 9 Juni 2001

Nimepita! Mimi Kasiva, mwalimu wa darasa la tano, sasa ni refa. Kozi imeisha. Nimepewa filimbi, kadi mbili na shati jeusi ambalo linangoja ninenepe. Mwanamke kwa wote waliopita ni mimi peke yangu.

Halafu gemu ya kwanza, jioni hiyo hiyo, vijana wa mtaani kwa uwanja wa shule. Mpira ukamgonga difenda mkononi. Nikaona. Nikaanza kufikiria — alikusudia? Mkono ulifuata mpira, au mpira ulifuata mkono? Na kama aliteleza je? Nilipopuliza, mpira ulikuwa umeshaingia goli la upande ule mwingine. Timu zote mbili zilinikasirikia. Mzee Bartholomew, aliyetufundisha kozi, akaja akichechemea na goti lake bovu.

"Mwalimu," akaniuliza, "ulikuwa unasahihisha mtihani?"

Wachezaji wakacheka. Mimi pia nilicheka, lakini changu kilikuwa kicheko cha kukanyaga mwiba.

Jumapili, 10 Juni

Leo kanisani nimeona viatu vyangu. Vya kahawia, mitumba safi, kisigino kifupi. Nilivizunguka sokoni wiki nzima. Nilimuuliza Mwelu, dada yangu mkubwa ninayekaa naye, ambaye ni muuza nguo hapo hapo sokoni. Akasema chukua. Nikauliza walimu wenzangu. Nikarudi kuvijaribu tena. Leo viko kwa miguu ya mwanakwaya wa sauti ya pili, na vinampendeza kweli.

Mwaitu — mama yetu, huko Katelembo — husema mchagua jembe si mkulima. Halafu ananitazama mimi.

Jumatano, 13 Juni

Nilipita kwa duka la Mzee Bartholomew, la spea za baiskeli. Nilitaka kumwambia labda nirudishe shati, mtu mwingine alitumie. Alikuwa anapima mnyororo. Akaniuliza bila kuinua macho kama nitakunywa chai ama soda. Nikasema chochote tu. Akasema hakuna kinywaji kinaitwa chochote.

Soda, nikasema. Akaniambia vizuri, sasa tumeanza kazi.

Amenipa zoezi. Vitu vidogo vidogo — niamue pale pale, nisirudi nyuma. Hata nikikosea. Hasa nikikosea! Na uwanjani, alisema, ni hivi: "Ukiona, puliza. Usipoona, nyamaza. Hakuna mlango wa tatu."

Soda ilikuwa baridi mpaka meno yakauma, na Juni hii ya manyunyu. Nikamaliza yote.

Shati sikulitaja.

Jumamosi, 23 Juni

Nimenyoa nywele!

Nilikuwa napita tu kwa kinyozi. Kiti kilikuwa wazi, nikaingia, nikakaa. Mwelu aliponiona alishika mdomo, akanizunguka mara mbili, akasema nafanana na marehemu baba. Kichwa ni chepesi. Upepo unapita moja kwa moja.

Pazia nalo nimenunua. Hapo nilikosea. Mwelu anasema hiyo rangi ni ya dawa ya kuhara, na ni kweli. Nimelitundika. Nyumba haijaanguka.

Jumapili, 1 Julai

Leo! Sijui niandike vipi. Ofsaidi — pii! Faulo — pii! Kadi ya njano kwa yule mrefu aliyeniambia nirudi jikoni. Aliitazama kadi kama mtu aliyeletewa barua ya mahakama. Na mimi nilikuwa nimeshakimbia, niko na mpira, sina habari naye.

Kwa kawaida kichwani mwangu kuna mkutano. Leo hakuna aliyekuja. Macho, miguu, filimbi, basi. Baada ya gemu Mzee Bartholomew alikuja akichechemea. Alinipa tu ndizi. Wenzangu wa kozi wananiambia yeye hampi mtu ndizi.

Alhamisi, 12 Julai

Wakati wa chai Festus alikuja shuleni na baiskeli, jasho tupu. Festus ni mshika kibendera, tulifanya kozi pamoja. Rodgers, refa aliyepangiwa fainali ya kombe la divisheni, amelala na malaria. Kamati ya kombe inauliza kama nitashika filimbi mimi.

Nikasema ndiyo kabla hajamaliza kuuliza.

Nilirudi darasani nikaandika ubaoni tarehe ya Jumamosi. Fainali! Konza Rangers, vijana wa ranchi, na Soko United. Soko ni timu ya wachuuzi — yaani timu ya Mwelu. Yeye ndiye ameshona bendera yao. Nilimwambia Festus hivyo, akasema divisheni hii kila refa ni ndugu ya mtu. Mwelu naye, nilipompa habari, akasema kama dada yake yuko katikati basi kombe limeshafika nyumbani. Alikuwa anatania.

Nafikiri alikuwa anatania.

Jumamosi, 14 Julai

Niandike haraka kabla haijapoa.

Watu walikuwa wengi kuliko siku ya maonyesho ya kilimo. Soko lote lilifungwa mapema. Nilipotoka na shati jeusi na kichwa hiki kilichonyolewa, mtu mmoja akapiga kelele kuuliza kama refa ni mama au ni padri. Hata mimi nikacheka. Na baada ya hapo nikasahau wako pale.

Gemu ilikuwa tamu! Soko wakafunga kwa kichwa, Konza wakarudisha. Vumbi, jua limetoka kwa ghafla baada ya siku nyingi za mawingu. Nilikuwa kila mahali. Kila filimbi ilitoka yenyewe.

Mwisho mwisho, bado ni goli moja kwa moja, kijana wa Konza akaingia ndani ya boksi. Wambua, kapteni wa Soko, akateleza mbele yake. Niliona mguu wa Wambua, niliona kifundo cha yule kijana. Puliza! Na mkono wangu ulikuwa tayari unaonyesha pale penye alama ya penalti.

Kelele! Sijawahi kusikia kelele kama hizo. Kama mabati yanayong'olewa.

Wambua hakubishana. Alisimama mikono kiunoni, akaniambia pole pole, "Mwalimu, niligusa mpira kwanza."

Konza wakafunga. Nikamaliza gemu. Askari wawili walinisindikiza mpaka kwa geti.

Mwelu alifika nyumbani na bendera imekunjwa chini ya kwapa. Akapika. Akala. Akalala akitazama ukuta.

Jumapili, 15 Julai

Kanisani benchi langu lilikuwa na nafasi nyingi.

Mchana Festus alikuja. Hakukaa. Soko wameandika malalamiko, kamati itanisikiliza Jumanne. Alisema lazima na yeye aseme alichoona: kutoka kwa laini, kwa macho yake, Wambua aliugusa mpira. Kidogo. Labda. Halafu akanipa njia — niseme jua lilinipiga machoni. Watarudia gemu, kila mtu atapoa, na mimi nitabaki kwa orodha. Nisipofanya hivyo, alisema, huenda wasiweke mwanamke katikati tena kwa miaka. Hakuwa na ubaya, Festus. Aliongea huku ameshika baiskeli.

Inawezekana nilikosea. Naandika hapa kwa kalamu: inawezekana.

Nimejaribu kuanza ule mkutano wangu wa zamani. Nilikaa kitandani makusudi, nikaita kila swali. Na jua je? Na kama aligusa? Kila mara narudi palepale — mguu, kifundo. Sina kingine. Jua halikuwa machoni mwangu. Lilikuwa mgongoni.

Nikalala fofofo mpaka jioni. Mimi!

Jumanne, 17 Julai

Niko kwa benchi nje ya chumba cha kamati. Festus ameshaingia. Nasikia sauti yake lakini si maneno. Wambua amekaa mwisho wa benchi hili hili, amevaa koti la Jumapili. Tulisalimiana. Aliniuliza darasa la tano wanaendeleaje, mtoto wake ataingia huko mwakani.

Naogopa. Lakini si woga tu. Ni kama kabla ya mpira kuanza!

Mwelu amekuja! Na aproni ya sokoni, ameacha nguo kwa jirani. Tangu Jumamosi hajaniambia neno. Amekaa katikati yangu na Wambua, amemsalimu kwanza yeye, halafu amenigeukia. "Ulipuliza kwa sababu uliona?"

"Niliona."

Amekaza kamba ya aproni. Bado ana hasira, iko hapo kwa taya. Kisha akanirekebisha kola ya shati, kwa nguvu, kama vile anafunga mzigo.

"Na huko ndani utawaambia nini?"

Nimetafuta kichwani, nikakuta hakuna kitu kimepangwa. Hata sentensi moja.

"Sijafikiria," nikamwambia.

Amenitazama kama mtu asiyenijua. Wambua amecheka, ameweka mkono mdomoni. Festus anatoka, hanitazami. Mlango uko wazi, mtu anasoma majina, na jina la kwanza ni langu. Nafunga daftari, naingia.