Daftari za Maji ya Buterere

Mpendwa Baba Inesi,

Miezi saba imepita tangu uende Buterere, na leo ndiyo nimeshika kalamu. Unanijua, maneno ya mdomo hayanishindi. Ya karatasi ndiyo yananitoa jasho.

Nakumbuka ulivyokuwa ukirudi nyumbani Cibitoke, matope ya mashamba ya mpunga ya Buterere hadi magotini, kijiti chako cha kupimia maji mkononi. Miaka sita uliandika kina cha maji kila juma kwenye daftari za shule. Nami nilikucheka: "Wanaume wenzako banaleta muchele, we unaleta namba za matope!" Ulicheka kuliko mimi.

Vita vilipopamba moto ulisema mambo ya ile buruse uliyoomba, ya kwenda kusoma Ulaya, yamekwisha, kwamba ile serikali ya ng'ambo inayolipia watafiti wageni haiwezi tena kumkumbuka mtu wa Bujumbura. Nikakuamini. Nilikuwa nauza karanga mlangoni na karatasi za kufungia hakuna. Nikachana daftari moja, kisha ya pili, mpaka zikaisha zote kumi na moja. Mtaa mzima ulikula karanga ndani ya miaka yako sita, nami sikukwambia.

Ndipo barua ikaja. Wamekukubali, wewe na mke na mtoto, mwaka mzima mbali na risasi. Ila uende na daftari zenyewe. Uliniinua juu kama bibi harusi. Nilipokueleza nilichofanya, hukunigombeza. Heri ungenigombeza! Ulisema tu, "Apana kulia, Mama Inesi. We ulitaka mutoto akule. Mi nitapima tena, hata mwezi moja, nibaonyeshe."

"Kule banapiga risasi."

"Asubuhi bananyamaza."

Siku ya tatu hukurudi. Wenye mashamba walisikia milio wakakimbia, kila mtu na njia yake. Nilikwenda kukutafuta mara nne, askari wakanirudisha. Ndugu zako wamekataa tukae matanga bila maiti. Inesi anawaambia wenzake uko Ulaya unasoma, na sina nguvu ya kumkatalia.

Ninajichukia, Baba Inesi. Wa kunisamehe ulikuwa wewe peke yako.

Juma hili watu wa buruse wameandika tena. Wanauliza kwa nini hukufika, maana nafasi wanataka kumpa mwingine. Kuna fomu ya kujaza, na mstari mmoja wa sababu. Nimeukodolea macho tangu asubuhi. Neno hilo ndugu zako hawajalitamka, mimi sijalitamka, hata kanisani tunaomba urudi salama.

Nimeandika: amekufa.

Wageni nimewaambia kabla ya mtoto wako. Kwaheri, mume wangu.

Mkeo,
Mama Inesi