Ukucha wa Imamu

Dada yangu mpenzi Tuda,

Salamu nyingi zikufikie huko Marrakech, wewe, shemeji na watoto. Magoti yako yanasemaje na baridi hii? Sisi huku mlimani hatujambo, theluji imeshuka mpaka mashamba ya juu, na mdomo wangu ni uleule unaoujua. Uliponiuliza kwenye simu habari za mume wangu nilikwepa, maana alikuwa amekaa ubavuni pangu. Sasa nisikilize.

Tangu mavuno ya shayiri, mume wangu, Si Bassou, alikuwa anatusalisha akiwa amekaa juu ya sanduku. Kijiji kikapata la kutafuna. Huyu anasema ni sukari, mguu utakatwa. Yule anasema uzee umembishia hodi. Haji Moha, ambaye mkwewe amemaliza masomo na hana msikiti, akawa anapita nyumba hadi nyumba akisema maskini imamu wetu, tumwache apumzike. Maskini! Yale yalikuwa machozi ya mamba. Na wewe unajua wanaume wa hapa hupatana na imamu mwaka kwa mwaka. Wakimkataa, nyumba ni ya msikiti, tunatoka na mablanketi yetu kwenye theluji.

Kumbe ugonjwa wenyewe ni ukucha! Ukucha wa kidole gumba cha mguu umeota ukajichimbia ndani ya nyama, kidole kimevimba, kinatoa usaha, na kile kikao cha atahiyatu katika sala, vidole vimekunjwa chini, kinamtoa machozi. Akanikataza nisimwambie mtu. Eti bora waseme ana sukari kuliko waseme imamu kaangushwa na ukucha. Wanaume, dada yangu, wana mambo!

Siku ya soko nikamdanganya tunakwenda kununua mafuta, nikampeleka zahanati. Daktari wa pale ni msichana, anaitwa Siham. Si Bassou kumwona tu akageuka atoke, akanikuta mlangoni, na upana wangu unaujua.

Siham akamuuliza huwa anakataje kucha. Bwana akajibu kwa fahari kwamba hajawahi kukosa Ijumaa hata moja, na kwamba huzikata kwa mviringo, akazichimba pembeni mpaka pembe zisionekane. Yule binti akamwambia kwa adabu, baba, Ijumaa haina kosa, kosa ni huko kuchimba. Pembe ikikatwa, nyama huifunika, na ukucha ukiota tena unaichoma. Ukatwe kwa kunyooka, pembe zionekane, na viatu vya kubana avigawe. Angewahi, maji ya vuguvugu yenye chumvi na kipamba cha kuinua pembe huenda vingemtosha, lakini kwa usaha ule maji yalishamwagika. Akamdunga sindano ya ganzi, akakata ukanda mwembamba wa ukucha ule upande mmoja, akatia dawa kwenye mzizi usiote tena pale. Si Bassou alianza kusoma Yasini kwa sauti. Hakufika mwisho, kazi ikawa imekwisha.

Sasa nikupe lile ambalo hata mama sijamwambia. Wanaume walipokutana uani mwa msikiti kupatana, Haji Moha akaanza tena na maskini wake, na mume wangu akainamisha kichwa, yuko tayari kunyang'anywa msikiti kwa ajili ya aibu! Mimi nilikuwa nje ya ukuta na wanawake wenzangu. Nikaingia. Ndiyo, mimi, katikati ya wanaume wote. Nikapiga magoti, nikamvua soksi, nikafungua bendeji, nikawaambia huo ndio ugonjwa wa imamu wenu, utazameni, na asiye na ukucha mbaya hapa avue viatu tumwone.

Kisha mzee Uhmad akavua kiatu, kidole chekundu hicho, akaniuliza huyo daktari anapatikana siku gani. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Haji Moha akaivuta miguu yake chini ya joho. Wakapatana na mume wangu palepale.

Wiki ya tatu sasa Si Bassou hasemi nami. Amemtuma jirani aniambie nikawaombe radhi wazee. Siombi! Sikuiba, sikusengenya, nilionyesha kidole. Leo alfajiri amesalisha bila sanduku, akakaa atahiyatu sawasawa, akarudi, akanywa chai yangu, akasukuma glasi nimwongeze, bila neno. Na anune mpaka Ramadhani akipenda. Ananunia nyumbani kwake.

Nibusie watoto, na shemeji mwambie asikate pembe.

Ni mimi mdogo wako, nisiyeomba radhi,
Itto